Kutoka London Hadi Paris kwa Eropleni: Somo la Umbali, Muda na Saa

Chukua tikiti ya eropleni iliyoandikwa hivi: yaondoka Paris 10:00, yafika London 10:15. Kisha chukua ya pili, ya safari ya kwenda: yaondoka London 10:00, yafika Paris 12:15. Miji ni ile ile, njia ni ile ile, hata eropleni yaweza kuwa ile ile. Mtu asiyezoea mambo haya atasema kwamba wapiga chapa wamekosea, au kwamba marubani watokao Paris wana haraka isiyo na kiasi. Kumbe sivyo. Tikiti zote mbili ni sahihi, na katika kila safari abiria wamekaa chomboni muda ule ule, yaani muda wa saa moja na robo.

Jambo hili lachekesha kidogo, lakini si la mchezo. Vijana wengi wa kwetu huenda Ulaya kwa masomo au kwa kazi, na mara nyingi hushuka katika mji mmoja ili wapande chombo kingine cha kuwapeleka mji wa pili. Asiyejua kusoma saa za tikiti huachwa na chombo, nauli yake hupotea, na wazazi wake huku nyumbani hukesha wakingoja habari ambayo ilikuwa haijafika wakati wake. Kwa hiyo yafaa tueleze polepole umbali uliopo kati ya miji hii miwili, muda ambao eropleni hutumia, na sababu ya saa kuonekana kama zinasema uongo.

Tuanze na umbali. Dunia ni mviringo kama chungwa, na mahali po pote juu yake huonyeshwa kwa hesabu mbili: latitudo, yaani kadiri mahali palivyo mbali na Ikweta upande wa kaskazini au kusini, na longitudo, yaani kadiri palivyo mbali na mstari wa Greenwich upande wa mashariki au magharibi. London iko kwenye latitudo ya nyuzi 51.5 kaskazini, na Paris iko kwenye nyuzi 48.85 kaskazini. Ukitoa moja katika nyingine utapata nyuzi 2.65. Kila uzi mmoja wa latitudo ni kama kilometa 111. Basi zidisha, utapata kwamba Paris iko kusini ya London kwa kilometa 294.

Kwa upande wa mashariki hesabu yataka uangalifu zaidi. London iko magharibi kidogo ya mstari wa Greenwich, na Paris iko mashariki yake kwa nyuzi 2.35; tofauti yao ni nyuzi 2.48 hivi. Lakini uzi wa longitudo si kilometa 111 kila mahali. Kwenye Ikweta, kama vile huku kwetu, ni 111. Kisha mistari hiyo huzidi kukaribiana kadiri uendavyo kaskazini, kama nyuti za mwavuli zinavyokutana juu, mpaka kwenye ncha ya dunia hukutana kabisa. Kwenye latitudo ya nyuzi 50, palipo miji hii, uzi mmoja wa longitudo ni kama kilometa 71 tu. Zidisha 71 kwa 2.48, utapata kilometa 176. Hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa maana hutazama ramani ya ukutani, ambayo imenyooshwa kama ngozi iliyowambwa, wakadhani nchi za kaskazini ni pana kuliko zilivyo.

Sasa tuna pembetatu yenye pembe mraba: upande mmoja kilometa 294, upande wa pili kilometa 176. Mwanafunzi wa darasa la juu akumbuke alivyofundishwa juu ya mraba wa upande mrefu. 294 mara 294 ni 86,436. 176 mara 176 ni 30,976. Jumla ni 117,412. Na kipeo chake cha pili ni karibu na 343. Wapimaji wenye vyombo kamili husema kwamba kutoka katikati ya London hadi katikati ya Paris ni kama kilometa 344, yaani maili 214. Hesabu yetu ya karatasi na penseli imekosea kwa kilometa moja tu, nayo si haba. Umbali huu ni mfupi kuliko ule wa Nairobi na Mombasa.

Nimesema maili, nami sina budi kuonya. Maili ya barabarani ni meta 1,609. Maili ya mabaharia na marubani ni meta 1,852, nayo ilipatikana kwa kugawa uzi mmoja wa latitudo sehemu 60. Anayesoma katika kitabu cha marubani kwamba London na Paris zaachana maili 186 hivi, na katika kitabu kingine maili 214, asifikiri kwamba mmoja wa watungaji ni mjinga.

Baada ya umbali, muda. Eropleni kubwa za abiria za siku hizi, zikiwa juu na zimeshika mwendo, huenda kilometa 800 kwa saa au zaidi kidogo. Gawanya 344 kwa 800, kisha zidisha kwa dakika 60: utapata dakika 26. Lakini tikiti yasema saa moja na robo, na pengine dakika 5 zaidi. Je, zile dakika 50 zimekwenda wapi?

Nyingi zimepotelea chini, si juu. Mashirika ya ndege hayahesabu muda tangu magurudumu yanapoacha ardhi. Huhesabu tangu zile kabari zinazozuia magurudumu zinapoondolewa, chombo kikaanza kusogea, mpaka kinaposimama mwisho wa safari na kabari kuwekwa tena. Katika kiwanja kikubwa kama Heathrow, ambacho kiko kama kilometa 23 magharibi ya katikati ya London, eropleni huweza kutembea kwa magurudumu kwa robo saa, ikifuata nyingine kama ng'ombe wanaokwenda kunywa maji, ndipo ipate zamu yake ya kuruka.

Halafu iko habari ya upepo. Eropleni hupenda kuruka na kutua ikielekea upepo unakotoka, kwa kuwa upepo wa mbele huyasaidia mabawa kuibeba. Katika Uingereza ya kusini upepo huvuma mara nyingi kutoka magharibi. Basi eropleni iendayo Paris, ambayo iko kusini-mashariki, mara nyingi huanza safari kwa kuipa Paris mgongo! Hupanda kuelekea magharibi, kisha hugeuka polepole na kushika njia yake. Wakati huo wote mita ya mwendo yahesabu, lakini umbali wa kwenda Paris haupungui.

Tena haikimbii. Kwa kawaida, chini ya futi 10,000 eropleni hazina ruhusa ya kupita noti 250, yaani kama kilometa 460 kwa saa, isipokuwa kwa idhini ya waongozaji walio chini. Sheria hii ni ya usalama, maana karibu na viwanja vyombo ni vingi. Kwa hiyo katika safari fupi kama hii eropleni hutumia sehemu kubwa ya muda ikipanda, na mara inapofika juu na kuanza kukimbia kweli kweli, rubani yuatazama saa ya kuanza kushuka. Abiria aliyeletewa kikombe cha kahawa hana budi kukinywa upesi.

Katika safari ya kurudi liko jambo jingine. Eropleni ziendazo Heathrow zikiwa nyingi kwa wakati mmoja, waongozaji huziambia zingoje hewani, zikizunguka moja juu ya nyingine, kila moja katika kimo chake, kama sahani zilizopangwa kabatini. Ziko sehemu nne za kungojea zilizouzunguka mji: Bovingdon, Lambourne, Biggin na Ockham. Ile iliyo chini kabisa hutolewa kwanza, na zilizobaki hushuka daraja moja moja. Mashirika hujua haya yote, nayo huyatia katika hesabu yao wanapochapa saa za tikiti. Ndiyo sababu siku nyingine rubani hutangaza kwa furaha kwamba wamefika dakika 10 kabla ya wakati. Hakuikimbiza eropleni, ni foleni tu iliyokuwa fupi siku hiyo.

Ili tuone jambo hili kwa uzuri zaidi, turudi nyuma kidogo. Tarehe 25 Julai, 1909, Mfaransa Louis Blériot aliruka kwa eropleni ndogo ya injini moja kutoka pwani ya Ufaransa karibu na Calais mpaka Dover katika Uingereza. Alivuka ule mlango wa bahari kwa dakika 36 na nusu hivi, akapata zawadi ya pauni 1,000 iliyotolewa na gazeti la Daily Mail. Miaka 10 baadaye, tarehe 25 Agosti, 1919, ilianza safari ya kila siku ya eropleni kati ya London na Paris. Kampuni iliitwa Aircraft Transport and Travel. Eropleni ya kwanza iliondoka Hounslow Heath, karibu na pale palipo Heathrow leo, ikashuka Le Bourget nje ya Paris. Ilichukua abiria mmoja tu, pamoja na magazeti, ngozi, ndege wa kuliwa na vyombo vya malai ya maziwa kutoka Devonshire. Ilitumia muda wa saa mbili na nusu, yaani kama maili 85 kwa kila saa moja.

Mwaka 1950, tarehe 29 Julai, shirika la British European Airways lilitumia kwa mara ya kwanza eropleni ya Vickers Viscount kwa abiria wa kulipa, kutoka Northolt hadi Le Bourget hiyo hiyo. Ilikuwa ndiyo safari ya kwanza duniani ya abiria wa ratiba katika eropleni yenye injini za tabo zinazozungusha mapanga. Wasafiri walisifu kwamba haikuwa na mtikisiko mwingi kama za zamani.

Sasa linganisha. Eropleni za leo huenda mara tano au sita kuliko ile ya 1919, lakini muda wa safari haukugawanyika kwa tano wala kwa sita. Umepungua kwa nusu tu. Mwendo umeongezeka angani, nako chini mambo yameongezeka pia: viwanja vimekuwa vikubwa, foleni zimekuwa ndefu, na abiria mmoja wa Hounslow Heath amekuwa maelfu.

Wala hatujahesabu njia ya kufika kiwanjani. Mtu anayeondoka katikati ya London aweke muda wa saa moja wa kufika Heathrow, na muda wa saa mbili wa kuonyesha tikiti, kukaguliwa mizigo na kungoja. Ongeza ile saa moja na robo ya safari. Akishuka katika kiwanja cha Charles de Gaulle, kilichofunguliwa mwaka 1974 kama kilometa 25 kaskazini-mashariki ya Paris, ataonyesha pasipoti, atangoje mzigo, kisha apande treni ya kuingia mjini; hapo hesabu nyingine ya saa moja na nusu. Jumla ni saa tano na dakika 45, ambazo kati yake zile za kuruka hasa hazizidi saa moja.

Sasa mtu wa pili na apite chini. Mwaka 1994 ilifunguliwa njia ya chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, yenye urefu wa kilometa 50, na kati ya hizo 38 ziko chini ya bahari yenyewe. Mwezi wa Novemba mwaka huo gari la moshi la abiria lilianza kupita humo kutoka London hadi Paris (nasema gari la moshi kwa mazoea, hili huenda kwa umeme, nalo halina moshi hata kidogo). Tangu Novemba 2007, reli ya mwendo mkali ilipokamilika upande wa Uingereza, gari hilo huondoka katika stesheni ya St Pancras mjini London na kufika Gare du Nord mjini Paris kwa muda wa saa mbili na robo au zaidi kidogo. Reli hiyo ni kilometa 492, yaani imezidi njia ya ndege kwa kilometa 148. Mwendo wake mkubwa kabisa ni kilometa 300 kwa saa, chini ya nusu ya ule wa eropleni. Hata hivyo, kwa kuwa stesheni zote mbili zimo mjini, msafiri aliyefika stesheni saa moja na nusu mapema na kutumia nusu saa kutoka nyumbani huweza kuwa Paris kwa muda wa saa nne na nusu. Njia ndefu imeishinda fupi, na chombo cha pole kimekishinda cha mbio. Kwa watu wenye haraka ya kwenda katikati ya mji, mimi ningewashauri reli. Lakini anayeshuka kutoka eropleni moja na kupanda nyingine hapo hapo kiwanjani hana haja ya kuingia mjini, naye aendelee na eropleni yake.

Turudi kwenye lile fumbo la mwanzo. Jua huonekana kuizunguka dunia, nyuzi 360, kwa muda wa saa 24. Gawanya: ni nyuzi 15 kwa saa moja, au dakika 4 kwa uzi mmoja. Paris iko mashariki ya Greenwich kwa nyuzi mbili na theluthi moja hivi. Basi kwa jua, mchana mkuu wa Paris hutangulia ule wa Greenwich kwa dakika 9 na sekunde 21. Dakika tisa, si sitini! Kama watu wa Paris wangefuata jua lao, zile tikiti zetu mbili zingepishana kidogo tu. Je, ile saa nzima imetoka wapi?

Haikutoka mbinguni, imetoka katika sheria za watu. Mwaka 1884 wajumbe wa mataifa walikutana Washington, wakachagua mstari wa Greenwich uwe mwanzo wa kuhesabu longitudo. Mataifa 22 yalikubali, moja lilikataa, na mawili hayakupiga kura. Moja la hayo mawili lilikuwa Ufaransa. Wafaransa waliendelea kufuata saa ya Paris mpaka mwaka 1911. Mwaka huo walitunga sheria iliyosema kwamba saa ya nchi yao itakuwa ni saa ya Paris iliyocheleweshwa kwa dakika 9 na sekunde 21. Msomaji ataona kwamba hiyo ndiyo saa ya Greenwich hasa, ila jina la Greenwich halikutajwa. Heshima ya watu ni kitu kikubwa.

Basi kwa miaka karibu 30 London na Paris zilitumia saa moja. Ndipo mwaka 1940 majeshi ya Ujerumani yalipoiteka Ufaransa ya kaskazini, nao wakaamuru saa zote zifuate saa ya Berlin. Vita vilikwisha mwaka 1945, Wajerumani wakaondoka, bendera zao zikashushwa, lakini saa yao ikabaki. Tangu hapo Paris iko mbele ya Greenwich kwa saa moja kamili. Waingereza nao walijaribu, kutoka 1968 hadi 1971, kuweka saa zao mbele mwaka mzima, hata zikawa sawa na za Paris. Wengi walinung'unika kwamba watoto walikwenda shule gizani asubuhi za baridi, hasa katika Scotland, na jaribio likaachwa.

Siku hizi nchi zote mbili husogeza saa mbele kwa saa moja Jumapili ya mwisho ya Machi, na kuirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa kuwa hufanya hivyo kwa wakati mmoja, tofauti kati yao haibadiliki: Paris hutangulia London kwa saa moja, kiangazi na kipupwe. Kwa hiyo tikiti ya Paris 10:00, London 10:15 isomwe hivi: saa za London zikiwa 9:00, eropleni iliondoka, zikiwa 10:15, ilifika.

Kwetu sisi tunaosema Kiswahili liko tatizo la pili, nalo ni kubwa zaidi. Tikiti huandikwa kwa saa za Kizungu, zinazoanza usiku wa manane na kuendelea mpaka 24. Sisi huhesabu tangu mapambazuko. Kwa hiyo 10:00 ni saa nne asubuhi, wala si saa kumi. Na 18:35 ni saa kumi na mbili na dakika 35 za jioni. Katika hesabu za mchana, toa 6. Ukizidi 18, yaani usiku umeingia, toa 18. Tena lugha yetu ina mtego wake: “saa moja na robo” yaweza kuwa wakati wa asubuhi au muda wa safari. Ndiyo sababu katika somo hili nimejitahidi kusema “muda wa saa” kila ilipowezekana.

Nasema haya kwa uchungu kidogo, maana kazi yangu ni kutafsiri, na kosa hili nimelifanya mwenyewe. Katika mwaka wangu wa kwanza kazini nilipewa tangazo fupi la safari ya basi, lililosema kwamba basi litaondoka “8.00” asubuhi. Kwa haraka niliandika saa nane, na neno asubuhi likaanguka. Likabandikwa hivyo. Mzee mmoja alitembea tangu alfajiri na binti yake aliyekuwa akienda kuanza chuo, akafika saa saba mchana, akafurahi kwamba amewahi. Basi lilikwisha kuondoka tangu saa mbili. Nilimkuta ameketi juu ya sanduku la binti yake. Hakunitukana. Aliniuliza tu, “Mwanangu, hii saa nane mliyoiandika ni ya nani?” Binti alisafiri siku ya pili, lakini mimi tangu siku ile sipeleki tangazo lo lote kwa mpiga chapa kabla sijahesabu saa kwa vidole.

Tutoe mfano wa mwisho, unaounganisha yote. Kijana wa Kisumu ameondoka Nairobi usiku mwezi wa Julai, akashuka Paris asubuhi, na tikiti yake ya pili ndiyo ile ya 10:00 kwenda London 10:15. Hakugusa saa yake ya mkononi. Yaonyesha saa ya Nairobi. Katika Julai Nairobi hutangulia Paris kwa saa moja, na London kwa saa mbili. Eropleni itakapoondoka Paris, saa yake itaonyesha saa tano kamili. Itakapofika London, itaonyesha saa sita na robo. Toa moja katika nyingine: muda wa saa moja na robo. Saa ambayo haikuguswa ndiyo ipimayo safari. Saa za ukutani katika viwanja huonyesha zamu za kupanda, basi.

Wazazi wake nao wasianze kungoja simu saa nne na robo, kwa sababu tu tikiti yasema 10:15. Wangoje baada ya saa sita na robo, waongeze na muda wa kukaguliwa pasipoti, uwe kama saa saba hivi. Kama safari ingekuwa Januari, waongeze saa moja nyingine, kwa kuwa wakati huo London iko nyuma yetu kwa saa tatu.

Kijana huyo akirudi siku nyingine kutoka London kwenda Paris, awe mwangalifu zaidi. Akiiacha saa yake ifuate London, atakapoona 9:00 na kudhani bado ana nafasi ya kula, Paris itakuwa 10:00, na chombo chake kimekwisha funga milango.

Wanafunzi wajaribu na hili. Madrid iko nyuzi 3 na dakika 41 magharibi ya Greenwich, lakini saa zake ni sawa na za Paris, tangu Hispania iliposogeza saa mbele mwaka huo huo wa 1940. Lisbon, mji mkuu wa Ureno, hufuata saa sawa na za London. Tikiti yasema: yaondoka Madrid 12:05, yafika Lisbon 12:25. Safari ni ya muda gani? Kwa jua, mchana mkuu wa Madrid ungechelewa nyuma ya ule wa Greenwich kwa dakika ngapi? Na kama ni Januari, mtu aliye Mombasa atazame saa yake iwe saa ngapi za Kiswahili ndipo aseme, “Sasa wameshuka”? Atakayepata saa moja na dakika 20, dakika 14 na sekunde 44, na saa tisa na dakika 25 za alasiri, amelielewa somo.